Mwana Kupona binti Mshamu na Elimu ya Kuutunza Mwili

Jina la Mwana Kupona binti Mshamu si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu tunakutana naye darasani akiwa mama aliyemfunza bintiye utiifu kwa mume, na mjadala ukishaanzia hapo huishia papo hapo. Upande mmoja humlaumu kwa kumtia mwanamke kongwa, upande wa pili humtetea kwa kusema kwamba kila mtunzi ni zao la wakati wake. Kinachopitwa na pande zote mbili ni kwamba beti kadhaa zilizo katikati ya utenzi wake hazizungumzii utiifu kama fikra tupu, bali zinazungumzia mwili: namna ya kuoga, kunyoa, kusinga, kufukiza na kujipamba, na hata namna ya kukiweka choo safi. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuufuata uzi huo. Tunadai kwamba Mwana Kupona alikuwa mwalimu wa elimu ya unadhifu iliyokuwa imekomaa katika miji ya pwani, na kwamba maradhi yaliyomuua yalikuwa katika sehemu ya mwili ambayo elimu hiyo iliijua kwa kuiosha, lakini haikuwa na uwezo wa kuitibu.

Inakadiriwa kwamba alizaliwa kisiwani Pate mnamo 1810. Pate ya utotoni mwake ilikuwa mji uliokwisha kupita kilele chake. Vita vya Shela, vilivyopiganwa takribani 1812, viliwaacha Wapate na washirika wao Wamazrui wameshindwa na watu wa Lamu, na kutoka hapo nguvu za sultani wa Omani zikaanza kuenea katika visiwa hivyo. Anayetaka kujua hali ya Pate ilipoporomoka na ausome utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambamo majumba ya mawe yaliyokuwa na fahari yamegeuka magofu. Hata hivyo, fahari ilipoondoka haikuondoka na kila kitu. Desturi za nyumbani hudumu kuliko dola, na miongoni mwa desturi hizo ni zile za usafi.

Nyumba ya mawe ya visiwa vya Lamu ilijengwa kwa kumfikiria mtu anayeoga. Choo hakikuwa kibanda cha uani, bali chumba ndani ya nyumba, na nyumba kubwa ilikuwa na vyoo zaidi ya kimoja, kimojawapo karibu na vyumba vya ndani wanamokaa wanawake. Pembeni mwa choo palikuwa na birika, yaani tangi la maji lililojengwa kwa chokaa. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na chini yake wakati mwingine palipachikwa bakuli la kauri ili samaki hao wapate pa kujihifadhi maji yakipungua. Maji yalitekwa kwa kata na kumwagwa mwilini. Mwogaji hakuingia birikani. Kwa hiyo maji ya birika yalibaki safi, na aliyeoga alioga kwa maji yanayotiririka. Msomaji aliyezoea bomba huenda asione ajabu yoyote hapa, lakini mpango huo ulikuwa bora kuliko wa miji mingi mikubwa ya ulimwengu wa zama hizo.

Haitakuwa haki kuusifu mpango huo bila kumtaja aliyebeba maji. Katika nyumba za waungwana kazi hiyo ilikuwa ya watumwa, na Mwana Kupona mwenyewe anamwonya bintiye asizoeane nao isipokuwa wakati wa shughuli. Hali ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya haikufutwa hadi 1907. Unadhifu anaoufunza basi ni unadhifu wa tabaka lenye mikono ya wengine ya kuchota maji kisimani. Hilo haliufanyi kuwa uongo, ila ni vyema likumbukwe.

Mwana Kupona aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji mwingine wa kisiwa hicho hicho cha Pate. Siu ilisifika kwa mafundi wake: washona viatu na mikanda ya ngozi, wachonga mbao na wanakili wa vitabu. Ilisifika pia kwa ukaidi. Kwa zaidi ya miaka ishirini Bwana Mataka alimpinga Seyyid Said, sultani aliyetawala kutoka Unguja, na katika miaka ya 1840 jeshi la sultani lililopelekwa Siu lilirudi limeshindwa. Mwana Kupona alikuwa mke wa mwisho wa mtu huyo. Walipata watoto wawili, binti aitwaye Mwana Hashima na mwana wa kiume. Twapaswa kumfikiria mke huyu katika mji wenye hofu ya kuzingirwa, mume wake akitoka kwenye baraza za vita na kurudi nyumbani, naye akimpokea kwa maji, mafuta na moshi wa udi. Katika utenzi anaeleza kwamba waliishi kwa furaha na kuheshimiana, na kwamba mumewe alifariki akiwa radhi naye. Bwana Mataka alifariki 1856. Mnamo 1863, Sultani Majid aliyemrithi Seyyid Said huko Unguja aliitiisha Siu.

Miaka miwili baada ya kufiwa, yaani 1858, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa. Anasema mwanzoni mwa utenzi kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita bintiye amjie akae karibu, achukue karatasi na wino, kwa kuwa kuna maneno moyoni ambayo hajapata nafasi ya kuyatamka. Mwana Hashima alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, hana baba, na mama yake anaona wazi kwamba hatakuwa naye kwa muda mrefu. Tukisahau hali hiyo tutauona utenzi kama kitabu cha amri. Tukiikumbuka, tutauona kama mzigo wa mtu anayefunga safari, anayechagua haraka kitu cha kumwachia mwanawe.

Anaanza kwa dini, kisha adabu, kisha ukweli na ulimi mwema. Anapofika kwa mume, anaingia katika mambo ambayo kwa kawaida mama wa pwani hayasemi waziwazi kwa binti yake. Katika miji ya Waswahili, msichana alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo, au kungwi kama wasemavyo kwingineko. Somo ndiye aliyemfunza kuvaa sodo, kujitwaharisha baada ya hedhi, kuondoa nywele za kinena na kwapa, na baadaye, harusi ilipokaribia, mambo ya unyumba. Mama na binti walioneana haya katika mambo hayo, na haya hiyo ilikuwa sehemu ya adabu. Kwa maoni yetu, Mwana Kupona anaukaribia mpaka huo kuliko mama wengi, halafu anasimama. Anasema yale ambayo kinywa cha mama kinaweza kuyasema na kuyaacha mengine kwa somo. Ndiyo maana msomaji wa leo anayetafuta mambo ya siri hatayakuta kwa majina yake. Atakuta tasfida, na atakuta mpangilio.

Mpangilio wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Binti anaambiwa kwanza asiwe mchafu wala mzembe. Afagie, akioshe choo, na asilidharau jambo hilo hata mara moja. Ndipo anapoambiwa aoge na kujisinga, azifunge nywele zake, atunge asumini na kuitandaza kitandani. Baadaye yanafuata mavazi na vyombo vya mapambo, ajipambe akae kama bibi harusi. Harufu ya marashi na dalia isimtoke mwilini, hina isikome kuchani, wanja usitoke machoni wala katika nyusi. Choo kimetangulia asumini! Mtunzi mwenye nia ya kupendeza masikio tu angaliyaanza maua. Huyu anajua kwamba manukato juu ya uchafu ni udanganyifu wa pua, na kwamba anayejipamba bila kuoga amejipaka chokaa juu ya kuta zinazobomoka.

Neno kusinga linatufungulia mlango wa elimu hiyo. Kusinga ni kuupaka na kuusugua mwili kwa mafuta au kwa mchanganyiko wenye harufu nzuri, na kutokana nalo tumepata singo, ule mchanganyiko ambao hadi leo biharusi wa pwani husuguliwa nao ili nongo zitoke na ngozi iwe laini. Liwa hupatikana kwa kusaga mti wa harufu nzuri juu ya jiwe kwa maji kidogo, nayo hupakwa usoni na mwilini. Dalia ni unga wa manjano wenye manukato. Udi huwekwa juu ya makaa katika chetezo, na nguo hutandazwa juu ya moshi wake ili zishike harufu. Kikuba cha asumini na rehani hubandikwa kifuani. Kila kimojawapo kina kazi yake, na wakati wake, na fundi wake. Mwanafunzi anayetunga kamusi ya istilahi za urembo kwa kutafsiri kutoka lugha za kigeni angefanya vyema kuanza kwa wazee wa Lamu.

Tukirudi kwa mume, hapa ndipo wahakiki wengi hukunja uso. Mke anaagizwa amkande na kumpapasa mumewe alalapo, asimkose mtu wa kumpepea, asimwamshe kwa kelele. Akiamka amwandalie chakula, kisha aushughulikie mwili wake: amsinge na kumwosha, amnyoe, azitengeneze ndevu zake, na kumfukiza asubuhi na jioni. Anaambiwa amtunze kama mtoto mdogo ambaye bado hajajua kusema. Ann Biersteker, katika makala yake ya 1991, aliupendekeza usomaji unaotilia maanani kejeli na mamlaka yaliyofichika katika maneno kama hayo. Hatuafikiani naye katika kila jambo, lakini katika hili ana hoja. Mtu mzima aliyegeuzwa mtoto wa kunyolewa na kuoshwa si mtawala wa nyumba kwa maana tuliyoizoea. Wembe u mkononi mwa mke. Kwa upande mwingine, tusiusafishe utenzi kupita kiasi: mke huyo huyo anaagizwa asitoke nyumbani bila ruhusa, na radhi ya mume imewekwa kuwa mlango wa pepo yake. Mambo haya mawili yamo pamoja na hayapatani kwa urahisi.

Linalotuvutia zaidi ni kwamba mwanamume naye ana mwili unaohitaji usafi. Katika matangazo ya biashara ya siku zetu, ni mwanamke anayeambiwa ananuka na ni mwanamke anayeuziwa dawa. Kwa Mwana Kupona unadhifu ni wa watu wawili. Jambo hili lina msingi katika dini. Mwanafunzi wa bara akilisikia neno tohara hufikiria jando, lakini kwa Waswahili wa pwani neno hilo ni pana: ni usafi wote unaomwezesha mtu kusimama mbele ya Mola wake. Katika mafundisho ya Kiislamu mambo matano huhesabiwa kuwa ya maumbile ya mwanadamu: tohara kwa maana ya kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kunyonyoa za kwapa, kukata kucha na kupunguza masharubu. Haifai siku 40 zipite bila kuyatekeleza yale yanayorudiwarudiwa miongoni mwake. Mume na mke wote huchamba kwa maji baada ya haja, na wote wawili huoga mwili mzima baada ya kukutana kimwili. Mwanamke huongezewa josho baada ya hedhi na baada ya nifasi. Mwana Kupona hakuhitaji kuyataja hayo moja moja. Anapomwambia bintiye ashike faradhi na sunna, yote yamo humo.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia jinsi mambo haya yalivyofikiriwa kwa undani. Nywele za kinena zina neno lake, mavuzi, ambalo kamusi hulitaja na mdomo wa adabu hulikwepa. Vinyweleo laini vya mwilini huitwa malaika. Harufu ya kwapa ni kikwapa, ya samaki ni shombo, na taka itokayo ngozini wakati wa kusugua ni nongo. Lugha haipotezi wakati kuunda maneno ya vitu visivyojaliwa. Hata sodo, kitambaa alichofunza somo chumbani, limepanda hadi bungeni: Kenya iliondoa kodi ya sodo mnamo 2004, na sheria ya 2017 ikaitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma bila malipo. Wapo Wakenya waliolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza katika taarifa ya habari.

Je, mafundisho haya yangefaa kufuatwa leo kama yalivyo? Mengi yangefaa. Maji safi, kucha fupi, wembe usioshirikiwa, mwili uliokaushwa kabla ya kuvaa nguo: hakuna daktari atakayeyapinga. Lakini panahitajika tahadhari mahali pawili au patatu. Manukato anayoyataja Mwana Kupona ni ya ngozi, nywele, nguo na kitanda, na ni heri yabaki huko. Uke hujisafisha wenyewe. Ndani yake wanaishi bakteria wenye manufaa ambao hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vya maradhi, na mtu anapotia sabuni, marashi, ndimu au moshi wa udi ndani, huwaua walinzi na kuwakaribisha wezi. Sehemu ya nje yatosha kuoshwa kwa maji, na kupangusa kuanzie mbele kwenda nyuma. Kwa mwanamume, ambaye hakutahiriwa hana budi kuivuta ngozi ya govi na kuosha chini yake kila siku, na aliyetahiriwa asidhani kwamba amesamehewa maji. Harufu isiyo ya kawaida, muwasho au uchafu unaotoka haviondolewi kwa manukato, bali ni habari ambayo mwili unaileta, na pa kuipeleka ni kwa mganga wa hospitali. Kuhusu hina, ile ya majani haina neno, ila piko, rangi nyeusi ya nywele ambayo siku hizi huchorwa ngozini, ina kemikali iwezayo kuchoma na kuacha kovu. Wanja nao, ule wa madini, baadhi yake umegunduliwa kuwa na risasi, sumu ambayo huwadhuru zaidi watoto wachanga wanaopakwa machoni. Mwana Kupona hakuyajua hayo, na hakuna aliyeyajua wakati wake.

Sasa tuufikie ugonjwa wenyewe. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba kilichomuua ni kuvuja damu kwa mji wa mimba. Kama ndiyo maradhi anayoyataja katika utenzi, basi mwanamke aliyekuwa akimfundisha bintiye kuoga, kujifukiza na kutandaza asumini kitandani alikuwa mwenyewe akitokwa na damu isiyokoma. Sheria ya dini yake ilikuwa imemtengenezea mwanamke wa hali hiyo utaratibu maalumu. Damu ya namna hiyo huitwa istihadha, nayo hutofautishwa na hedhi. Mwenye istihadha hasimamishi sala. Anatakiwa ajioshe, ajifunge kitambaa vizuri na kutawadha upya kila wakati wa sala unapoingia. Mara tano kwa siku, basi, kwa miezi na miezi, akiinuka kwenda birikani. Mtu anayefanya hivyo akiwa dhaifu anaujua uzito wa kata ya maji kuliko sisi tunaousoma utenzi wake kwa ajili ya mtihani. Agizo la kukiosha choo kila mara, lionekanalo dogo, huenda lilitoka kwa mtu ambaye choo kilikuwa ndicho chumba alichokitembelea zaidi ya vyote.

Wala hakuna ubeti unaolalamikia damu. Anataja maradhi na urefu wake, basi. Sababu za damu ya namna hiyo kwa mwanamke anayekaribia umri wa miaka 50 ni nyingi, na leo zinajulikana: uvimbe usio wa saratani ndani ya mji wa mimba, mabadiliko ya homoni wakati hedhi inapokaribia kukoma, saratani ya mji wa mimba au ya shingo yake. Nyingi hutibika zikigunduliwa mapema. Kipimo cha Papanicolaou, cha kuchunguza chembechembe za shingo ya kizazi, kilienea katikati ya karne ya 20, na chanjo ya virusi vya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 hapa Kenya mnamo 2019. Hata hivyo, wapo wanawake wengi wanaouficha ugonjwa wa huko chini kwa sababu ile ile ya haya, wakiutibu kwa kuoga zaidi na kujifukiza zaidi. Haya iliyomzuia mama kusema na binti ilikuwa na heshima yake. Mbele ya daktari haina heshima yoyote, inaua tu.

Swali lililobaki ni kwa nini aliuandika utenzi huu badala ya kuyasema mambo hayo kwa mdomo tu, kama mama wengine. Jibu moja lipo wazi: alijua kwamba hatakuwepo siku ya harusi. Jibu la pili limo mwishoni mwa utenzi, pale anapowageukia wanawake wote na kuwataka wausome na kuuelewa. Alianza na Mwana Hashima peke yake kando ya kitanda, akamaliza akiwa na hadhira ya wanawake wa pwani nzima. Katika jamii ambayo elimu ya mwili wa mwanamke ilikaa katika vinywa vya masomo na makungwi, yeye aliiandika kwa hati ya Kiarabu, kwa Kiamu, katika bahari ile ile ya utenzi iliyotumiwa kusimulia vita vya mitume na mashujaa. Hilo halikuwa jambo dogo. Choo, wembe, mafuta na hina viliingia katika karatasi pamoja na sala, wala hakuona kwamba vinaichafua.

Kabla ya kuhitimisha beti zake aliwaombea watoto wake wawili, ndugu zake na Waislamu wote, akajiombea mwenyewe afya na msamaha, kisha akaweka hesabu ya beti na mwaka wa Hijra, 1275. Alifariki miaka michache baadaye. Nakala ziliendelea kunakiliwa kwa mkono, na wanawake wa Lamu waliendelea kuzisoma na kuzihifadhi kwa ghibu. Mnamo 1917 Alice Werner aliuchapisha utenzi huo kwa hati za Kirumi, akauchapisha tena 1934 pamoja na William Hichens, na J. W. T. Allen akautia katika mkusanyiko wake wa 1971. Ni kutokana na machapisho hayo ndipo ulipofika katika madarasa yetu.